Mashimo ya Sekenke: wahunzi, Wajerumani au wachimbaji wadogo?

Swali: "Shikamoo mzee. Nafundisha historia katika sekondari ya kata huku Iramba, si mbali na Mlima Sekenke. Wanafunzi wangu wamegawanyika. Wapo wanaosema uchimbaji uliletwa na Wajerumani, kabla yao hakuna aliyejua kitu. Wengine wamesikia kwa babu zao kwamba wazee wetu walikuwa wakiyeyusha tangu zamani sana. Halafu wapo wachimbaji wadogo wa leo, ambao kijijini baadhi yetu tunawaona wavamizi tu. Mashimo yamejaa, ya kila namna. Nani alitangulia? Vijana wangu watayasomaje mashimo hayo? Na ni kweli dhahabu ya huku iliwahi kutengenezewa pesa ya Mjerumani?"

Jibu: Marahaba, mwalimu. Niingie kwenye ubishi wenyewe, maana pande zote mbili zinasema kweli, ila kila upande unazungumzia kitu chake. Babu wanaosimulia habari za kuyeyusha wanazungumzia chuma. Wanaowataja Wajerumani wanazungumzia dhahabu. Ni kazi mbili tofauti, zenye mawe tofauti, ujuzi tofauti na alama tofauti ardhini. Ukizitenganisha hizo darasani, nusu ya ubishi imekwisha, na ile nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwa vijana.

Nianze na chuma, kwa kuwa ndicho kinachosahaulika. Nyanda hizi za kati zilikuwa na wahunzi vizazi vingi kabla ya ukoloni. Katika milima ya Kondoa wanaakiolojia wamekuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma, na wahunzi wa Kirangi walijulikana kwa majirani zao. Kazi yenyewe ilihitaji vitu vitatu: mawe au mchanga wenye chuma, makaa ya miti migumu kwa wingi, na watu wa kuvuta mivukuto bila kupumzika kwa saa nyingi. Upepo ulipitishwa kwenye mirija ya udongo iliyochomekwa chini ya tanuri, na moto ukapanda kufika kama nyuzi 1,200.

Hapo kuna jambo ambalo wanafunzi wako watalipenda. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Tanuri la udongo lenye mivukuto ya ngozi halikufika huko, wala halikuhitaji kufika. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe, ukatiririka na kuganda chini au nje ya tanuri. Chuma chenyewe kilibaki ndani kama bonge lenye matundu matundu, likatolewa, likapashwa tena moto na kupondwa mpaka uchafu uliosalia ukatoka. Ule uchafu ulioganda ndio mavi ya chuma. Ni mawe meusi au ya kahawia iliyokolea, mazito kuliko yanavyoonekana, yenye vitundu vya mapovu, na upande mmoja yana mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda kabla ya kusambaa. Kijana akishaona kipande kimoja hawezi tena kukichanganya na jiwe la kawaida.

Sasa angalia hili. Mhunzi hakuwa na haja ya shimo refu. Mawe ya chuma aliyaokota juu ya ardhi au kuyachimbua kina kifupi, na mchanga mweusi aliukusanya kwenye makorongo baada ya mvua. Kwa hiyo shimo la mita 20 linaloingia kwenye mwamba mweupe si kazi ya wahunzi, hata kama babu zetu walikuwa mafundi hodari. Alama yao ni vichuguu vya mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo vilivyoungua upande mmoja, na ardhi iliyobadilika rangi kwa moto. Vijana wakiitafuta kazi ya babu zao ndani ya mashimo marefu hawataiona, na mwisho watadhani wazee walitunga. Waitafute kwenye mashamba ya zamani na kando ya vijito.

Kazi hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika uchumi wa huku. Jembe la chuma lililimia, lililipia mahari, na lilisafiri na misafara kama mali. Watemi wa Ugogo walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliopita kati ya Unyamwezi na pwani, na majembe yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyotolewa pamoja na nguo, shanga na nyaya. Dhahabu haikuwemo katika hesabu hizo. Mali ya bara ilikuwa ng'ombe, pembe, chumvi, majembe. Hata dhahabu iliyoitajirisha Kilwa karne nyingi nyuma ilitoka kusini, nyanda za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala. Kwa hiyo Mnyiramba wa mwaka 1850 aliyepita juu ya mkanda wa mawe yenye dhahabu bila kuinama hakuwa mjinga. Alikuwa hana wa kumuuzia.

Uyeyushaji ulikufa polepole pale majembe ya kiwandani yalipoanza kufika kwa bei ndogo. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na pamoja na majembe ikaleta vyuma chakavu. Mhunzi akaona hakuna sababu ya kukata msitu na kukesha na mivukuto wakati kipande cha chuma kilichokwisha kusafishwa kinapatikana. Ufuaji ukaendelea, uyeyushaji ukaachwa. Ndiyo maana mzee wa leo atakuambia babu yake alikuwa mhunzi, lakini aliyewahi kuliona tanuri likiwaka humpati.

Haya, dhahabu. Milima yenu imekaa juu ya ukanda wa miamba mikongwe sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambao wanajiolojia wanauita ukanda wa Iramba–Sekenke. Ndani ya miamba hiyo ya kijani iliyokolea mnapita mikanda ya mawe meupe ya kwatzi, na dhahabu hukaa humo, mara nyingi chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Dhahabu ya nchi hii iliripotiwa kwanza upande wa Ziwa Victoria, mwaka 1894. Lakini mgodi wa kwanza wa dhahabu kufanya kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara ni huo wenu wa Sekenke, ulioanza mwaka 1909. Kabla ya Geita kuwa mgodi, kabla ya Lupa kule Chunya, Sekenke ilikuwa inatoa dhahabu. Nasikitika kwamba watoto wanaokua chini ya mlima huo wanamaliza shule bila kuambiwa jambo hilo.

Na ndiyo, habari ya pesa ni ya kweli. Vita vilipoanza mwaka 1914 Waingereza waliifunga bahari, na koloni likakosa sarafu kutoka Ujerumani. Wajerumani wakaweka mitambo ya kugongea sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Wakagonga heller, yaani senti za rupia, za shaba nyeupe na nyekundu, baadhi yake kwa maganda ya risasi na mizinga, na mwaka 1916 wakatoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kwa kutumia dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, na herufi T ya Tabora. Zilitoka 16,198. Kila moja ina uzito wa gramu 7.2 hivi, robo tatu yake ikiwa dhahabu. Wape vijana hesabu hiyo waifanye wenyewe. Watapata takriban kilo 87 za dhahabu tupu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ikaishia hapo. Leo sarafu hizo zinauzwa ghali kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa jina la Tabora. Iramba haitajwi.

Wala hawatajwi waliochimba. Hapa ndipo ninapotaka wanafunzi wako wakae kwa muda mrefu zaidi. Mhandisi alikuwa Mjerumani, hati zilikuwa za kampuni, lakini aliyeshika sururu, aliyebeba mawe, aliyekata miti ya kuegemeza kuta za shimo na aliyepika chakula cha kambi alikuwa mtu wa huko. Kodi ya kichwa na ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kijana asiye na ng'ombe wa kuuza alikuwa na njia chache za kuipata. Kwa hiyo mtu anaposema Wajerumani walichimba Sekenke, muulize kwa mikono ya nani.

Kipindi cha Mwingereza nitakipitia haraka. Mwaka 1925 ilianzishwa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, makao yake Dodoma, na taasisi iliyoirithi iko Dodoma mpaka leo. Bei ya dhahabu ilipopanda duniani mwanzoni mwa miaka ya 1930, kutoka dola 20.67 kwa wakia hadi dola 35 mwaka 1934, migodi mingi ya zamani ilipata uhai, na huko Iramba Kirondatal nayo ikawa mgodi. Sheria ilikuwa wazi kwamba madini ni mali ya dola, na mwenye leseni ni mwenye mtaji. Mwanakijiji aliingia mgodini kama kibarua. Baadaye migodi ikafa mmoja mmoja, Geita ukafungwa mwaka 1966, na nchi ikakaa muda mrefu bila mgodi mkubwa wa dhahabu hadi ulipofunguliwa ule wa Nzega mwaka 1998.

Katika pengo hilo ndipo wanapoingia hao mnaowaita wavamizi. Mwalimu, neno hilo silikubali, na nitakueleza sababu.

Serikali iliunda STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, mwaka 1972 na kutunga Sheria ya Madini ya 1979, ikitegemea kwamba mashirika ya umma yangefanya kazi hiyo. Mtaji haukupatikana. Miaka ya 1980 ilikuja na shida zake: maduka hayana bidhaa, bei ya mazao imeshuka, ajira mjini hakuna. Watu wakarudi kwenye mashimo ya zamani. Wengi walikuwa wakulima wa uwele, mtama na alizeti wa maeneo haya haya, ambako mvua ni ya msimu mmoja na kuanzia Mei mpaka Novemba shamba halina kazi. Walichimba kiangazi, wakalima masika. Wengine walikuwa watoto na wajukuu wa vibarua wa migodi ileile, wakijua mkanda ulielekea wapi kwa sababu babu alisema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali yenyewe, kupitia benki, ilianza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kwa bei ya kuvutia, na nchi nzima ikachimba. Kisha ikaja mifumuko ya uchimbaji ya hapa na pale, ukiwemo wa Londoni huko huko Singida miaka ya 2000, watu wakimiminika kutoka Mwanza, Shinyanga, Chunya, kila mtu na godoro lake.

Ukihesabu miaka, kampuni za wageni zilikaa Sekenke kwa vipindi vifupi, zikaja na kuondoka na bei ya dhahabu. Mchimbaji mdogo ndiye aliyekaa muda mrefu. Historia ya uchimbaji wa huko kwa sehemu kubwa ni yake, isipokuwa hakuandika.

Wafundishe vijana namna duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, linavyoendeshwa, kwa sababu ni mfumo wenye taratibu zake. Yupo mwenye leseni. Yupo mwenye duara, ambaye anagharamia chakula, kamba, miti, baruti na mafuta ya pampu, mara nyingine kwa miezi bila kuona kitu. Wapo wachimbaji ambao hawalipwi mshahara bali mgawo. Mawe yanapopatikana hujazwa kwenye viroba, na viroba hugawanywa kwa makubaliano: mwenye leseni mara nyingi huchukua karibu asilimia 30, vinavyobaki huenda kwa mwenye duara na watu wake, na mwenye shamba naye hutengewa chake. Ubishi ukitokea unasuluhishwa palepale, juu ya kifusi, mbele ya viroba. Ndani ya shimo kuta hushikwa na matimba, magogo yaliyopangwa kama ngazi, ambayo ndiyo pia njia ya kushukia. Gogo moja likioza, watu wanakufa.

Juu ya shimo ni kazi nyingine, na hiyo ina wanawake wengi. Kabla ya makarasha, mashine za kusagia mawe, kuenea, mawe yalipondwa kwa mkono, kwenye kinu cha chuma, kwa mchi wa chuma, mpaka yakawa unga. Waliofanya hivyo kwa miaka mingi walivuta vumbi la kwatzi, na vumbi hilo huganda mapafuni na kuleta silikosisi, ugonjwa ambao vijijini mara nyingi umechukuliwa kuwa kifua kikuu na mgonjwa akatibiwa kisicho chake. Siku hizi karasha, yaani pipa la chuma linalozunguka na gololi nzito ndani yake, ndilo linalosaga. Unga huoshwa kwenye mwalo, ubao ulioinama na kutandikwa gunia ili chembe nzito zibaki. Kinachobaki huchanganywa na zebaki, ikaishika dhahabu, kisha huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 tu, ikawa mvuke, na asiye na kifaa cha kuunasa mvuke huo anauvuta yeye, na mara nyingi mtoto aliyebebwa mgongoni pia. Mchanga uliooshwa, yaani marudio, huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua, ambao hupata dhahabu nyingi iliyobaki. Aliyechimba kwa jasho hupata sehemu, aliyenunua marudio mara nyingi hupata zaidi. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika biashara hii.

Kuhusu sheria: Sheria ya 1998 na baadaye ya 2010 ziliweka leseni ndogo ya uchimbaji kwa ajili ya Watanzania, na hii ya 2010 huiweka kwa miaka saba yenye kuhuishwa. Mwaka 2019 ziliondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la kwanza Geita. Kwa mwanahistoria mwaka huo ni muhimu kwa sababu kabla yake dhahabu nyingi iliuzwa kimya kimya usiku kwa wanunuzi wa kupita. Takwimu za zamani zinaonyesha kilichosajiliwa, si kilichochimbwa. Vijana wasije wakaandika kwamba miaka fulani Iramba haikutoa dhahabu eti kwa sababu kitabu kiko tupu.

Sasa namna ya kuyasoma mashimo. Shimo la kampuni lina pembe nne, limenyooka kwenda chini, na karibu yake utakuta misingi ya saruji ya mitambo, pengine vyuma vilivyopachikwa, na lundo la mchanga laini wa rangi moja uliotandazwa. Kampuni ilipima, kisha ikachimba. Duara la mchimbaji mdogo hufuata mkanda unavyopinda, ni finyu, lina alama za moko, patasi ya mchimbaji, ukutani, na kifusi chake kimetupwa hapohapo mdomoni. Msiwe wepesi kuamua, kwani maduara mengi yamechimbwa ndani ya mashimo ya kampuni, na malundo ya zamani yamesagwa upya. Pahala pamoja panaweza kuwa na kazi ya watu wa vizazi vitatu. Mimea inasaidia kidogo: kifusi chenye mti mkubwa kimekaa miaka mingi, kifusi kitupu ni cha karibuni.

Lakini wayasome kwa mbali. Tafadhali sana, mwalimu, mwanafunzi asishuke kwenye shimo lolote, asikaribie mdomo wa duara lililoachwa, na asishike marudio kwa mikono mitupu. Mdomo wa shimo la zamani humomonyoka bila onyo, na ndani hewa inaweza kuwa imekwisha. Chora ramani kutoka njiani, piga picha, ulizeni.

Katika kuuliza, miaka ya kalenda haisaidii sana. Tumieni matukio: ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, baada ya watu kuhamishiwa vijijini mwaka 1974, wakati wa vita vya Kagera, mwaka wa mvua za El Nino. Huku Ugogo wazee walikuwa wakihesabu kwa njaa ya Mtunya, iliyokuja na Vita Kuu ya Kwanza; Iramba nako kuna majina ya njaa, yakusanyeni yote. Na msiwaulize wanaume peke yao. Bibi aliyetwanga mawe anajua bei ya kiroba, anajua mnunuzi alitoka wapi, anajua nani alifukiwa na mwaka gani, mambo ambayo mwenye leseni huyasahau au huyaficha.

Kwa maandishi, andika barua ya shule kwa Taasisi ya Jiolojia hapa Dodoma kuomba kuona ramani na ripoti za zamani za Iramba. Wakati wa Mwingereza wilaya yenu ilikuwa Jimbo la Kati, na makao ya jimbo yalikuwa Dodoma. Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Kijerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Singida itakueleza leseni za sasa ziko wapi, ili msiingie eneo la mtu bila ruhusa.

Na mkikuta mavi ya chuma au mirija ya udongo, msiyabebe kwenda shuleni, hata kipande kimoja. Kikihama mahali pake kimepoteza zaidi ya nusu ya habari zake. Wekeni rula au kalamu pembeni, pigeni picha, andikeni ni shamba la nani na ni hatua ngapi kutoka kijitoni, kisha mtoe taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya. Mabaki ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Picha hizo nitumie na mimi. Nikizipata nitakuandikia tena, safari hii kuhusu matanuri peke yake.